Baridi Isiyokwisha, Kabla ya Kununua Dawa

Baridi ya Julai huko Njombe humpata kila mtu. Lakini anayejifunika blanketi wenzake wakitokwa jasho, huku akichoka, akipata choo kigumu na kunenepa bila sababu, huenda tezi yake ya shingo, yaani thairoidi, haitoi homoni ya kutosha kuupa mwili joto. Upungufu wa damu nao huleta baridi.

Soksi na chai ya moto hufariji, wala hatuzidharau. Tunachomsihi mnunuzi ni asitoe fedha kwa vidonge vya “kusawazisha homoni” kabla ya kupimwa damu: kipimo cha TSH na cha wingi wa damu. Virutubisho vya nywele na kucha vyenye bayotini vyaweza kupotosha majibu, hivyo amweleze daktari mapema. Vile vya mwani huweza kuwa na madini joto kupita kiasi, yakaivuruga tezi ileile anayotaka kuitibu.

Akiandikiwa levothairoksini, aimeze kwa maji matupu, nusu saa au zaidi kabla ya kifungua kinywa. Vidonge vya madini ya chuma au kalisi vingoje saa 4. Asiiache kwa kuwa amepata nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa.