Utafiti Nyanjani katika Fasihi Simulizi: Unachotarajiwa Kujua na Kufanya

Kufikia sasa umesoma riwaya, tamthilia na hadithi fupi zilizoteuliwa. Katika tanzu hizo kitabu kiko mkononi. Ukisahau jambo, unarudi ukurasani. Fasihi simulizi haina ukurasa wa kurudia. Kazi zake zimo vinywani mwa watu, na njia ya kuzifikia ni utafiti. Ndiyo maana mtahini wa Karatasi ya Tatu anaweza kukupa swali la utafiti nyanjani, tena kwa kukutwika jukumu: umetumwa kukusanya methali, mbolezi au mighani katika jamii fulani, utafanyaje?

Watahiniwa wengi hupoteza alama hapa ilhali hoja wanazijua. Wamekariri orodha ya hatua, mbinu na matatizo, kisha wanaimwaga yote bila kuitazama kazi waliyopewa. Somo hili linakufundisha kuifunga kila hoja kwenye kazi hiyo. Mifano yetu inatoka kaunti za Homa Bay na Migori. Ikiwa unatoka kwingine, weka mahali pako na utanzu wako, hatua hazibadiliki.

SHABAHA
Kufikia mwisho wa somo, uweze:
(a) kueleza maana na umuhimu wa utafiti nyanjani;
(b) kufafanua hatua za utafiti kwa mifano;
(c) kuchagua mbinu inayofaa utanzu fulani na kutetea uchaguzi huo;
(d) kueleza matatizo ya utafiti na namna ya kuyakabili;
(e) kujibu swali la mtihani kuhusu utafiti.

1. MAANA NA UMUHIMU

Utafiti nyanjani ni uchunguzi wa kazi za fasihi simulizi unaofanywa mahali zinapotendwa, miongoni mwa watu wanaozitenda. Kusoma hadithi iliyochapishwa ni utafiti wa maktabani. Ni muhimu, lakini haukuonyeshi fanani akibadilisha sauti wala hadhira ikimjibu.

Umuhimu wake ni pamoja na kuhifadhi kazi zisipotee, kuelewa utamaduni wa jamii, kupata matoleo mbalimbali ya kazi moja, na kuchunguza mabadiliko ya tanzu kadiri wakati unavyopita. Hoja ya kwanza si ya kitabuni tu. Katika Kisiwa cha Mfangano, Homa Bay, wapo Abasuba, ambao lugha yao ya asili ni ya Kibantu. Kwa vizazi kadhaa wengi wao wamehamia Dholuo, na sasa Kisuba ni miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Mzee anayejua wimbo wa Kisuba akifariki kabla ya kurekodiwa, huenda hakuna mwingine wa kuuimba. Ukiandika kwamba utafiti huhifadhi fasihi, taja mfano wa namna hii.

2. KUTEUA MADA

Mada pana humshinda mtafiti. "Fasihi ya Waluo" ni mada ya miaka mingi. "Ngano za Homa Bay" bado ni pana. Mada ifuatayo inawezekana: "Matoleo ya hadithi ya Simbi Nyaima na mafunzo yake kuhusu ukarimu."

Simbi Nyaima ni ziwa dogo la kreta, lenye maji ya chumvi, karibu na Kendu Bay. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na kijiji hapo. Bikizee mgeni alifika akitafuta msaada, akafukuzwa na watu waliokuwa katika starehe. Aliyemhurumia aliokoka, kijiji kikazama. Kwa kuwa hadithi inaeleza chanzo cha ziwa, unaweza kuiweka katika kundi la hadithi za usuli.

Mtafiti makini hujiuliza: Je, kila msimulizi husema sherehe ilikuwa ya aina gani? Aliyeokoka ni nani? Adhabu inaletwa na nani? Majibu yakitofautiana, umepata data. Usimwambie msimulizi kwamba amekosea. Wanajiolojia watakueleza kuwa ziwa hilo lilitokana na volkano. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayaifuti hadithi. Swali lako la fasihi ni jamii inafunza nini kwa kusimulia kwamba kijiji kilichomnyima mgeni kilizama.

3. MAANDALIZI

Kabla ya kuondoka, unatarajiwa:
(i) Kubainisha malengo. Andika mambo mawili au matatu unayotaka kujua.
(ii) Kusoma yaliyokwisha kuandikwa, usirudie kazi ya wengine.
(iii) Kuteua eneo na wasailiwa. Kaunti ya Migori ina Waluo, na upande wa Kehancha wapo Wakuria. Anayetafiti nyimbo za jando za Wakuria hatazipata kwa kuhoji mtu yeyote sokoni Migori mjini.
(iv) Kuomba kibali. Mwanafunzi hubeba barua ya shule, akajitambulisha kwa chifu na mzee wa kijiji. Watafiti wa vyuo hutafuta leseni kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi.
(v) Kuandaa vifaa, ratiba na bajeti. Anayekwenda Mfangano ajue kwamba atavuka maji kutoka Mbita, na ratiba yake ifuate ya vyombo vya majini.

4. MBINU ZA KUKUSANYA DATA

Usiorodheshe mbinu tu. Jiulize: utanzu huu unanitaka nitumie mbinu gani, na kwa nini?

Mahojiano. Mtafiti humsaili mhojiwa ana kwa ana. Yanafaa mighani, kwa sababu unaweza kuuliza zaidi pale simulizi inapoacha pengo. Mathalani, unatafiti kuhusu Gor Mahia, mganga mashuhuri wa Kanyamwa, Ndhiwa, ambaye jina lake lilipewa klabu ya kandanda mwaka 1968. Usiulize, "Je, Gor Mahia alikuwa na uwezo wa ajabu?" Swali hilo huzaa "ndiyo" au "la". Sema, "Nisimulie ulivyosikia kuhusu Gor Mahia," kisha unyamaze usikilize. Ndipo uulize alisimuliwa na nani na katika hali gani.

Utazamaji. Mtafiti hutazama utendaji au mazingira bila kushiriki. Thimlich Ohinga, Migori, ni makao ya kale yenye kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. UNESCO iliyaorodhesha kuwa Turathi ya Dunia mwaka 2018. Ukitembelea mahali hapo kabla ya kuhoji wazee, utauliza maswali mahususi: lango hili lilikuwa jembamba kwa nini? Ng'ombe walilala wapi?

Kushiriki. Mtafiti hujiunga na utendaji. Mbinu hii inafaa utanzu ambao hadhira yake ni tendi. Nyatiti inapopigwa, msikilizaji anaweza kusimamisha muziki, akatoa pesa na kujisifu au kumsifu rafiki kwa lugha ya mafumbo. Waluo huita majigambo hayo pakruok. Anayekaa kando na daftari anaona pesa zikitolewa. Anayeshiriki anaelewa kwa nini watu wanacheka.

Kurekodi. Kinasa sauti huhifadhi maneno, kiimbo na mlio wa ala. Hata hivyo, hakitaonyesha kwamba mpigaji wa nyatiti yenye nyuzi nane anaigonga pia kwa pete ya chuma iliyo kidoleni mwa mguu wake. Hapo video inafaa zaidi. Simu ya mkononi hufanya kazi zote mbili, ilimradi ina chaji na nafasi.

Hojaji. Ni maswali yaliyoandikwa ili mhojiwa ajaze. Huwafikia watu wengi kwa muda mfupi. Inafaa ukitaka kujua, kwa mfano, ni wanafunzi wangapi wa shule yako wanajua methali kumi za lugha ya mama. Haifai kwa bibi asiyejua kusoma, wala haiwezi kunasa utendaji.

Tanbihi: Mtafiti bora hutumia mbinu zaidi ya moja ili moja ifidie udhaifu wa nyingine.

5. KUNUKUU, KUTAFSIRI NA KUCHANGANUA

Ukirudi, sikiliza ulichorekodi na ukiandike kwa lugha ya msimulizi kwanza, kisha ukitafsiri kwa Kiswahili. Usipange upya maneno ili hadithi ipendeze. Pale hadhira ilipocheka au fanani alipoimba, onyesha. Neno lisilo na kisawe liache lilivyo na ulieleze. Siwindhe, kwa mfano, ni nyumba ya bikizee ambamo watoto wa Kiluo walilala na kusimuliwa hadithi. Ukiandika "nyumba" tu, umepoteza shule nzima iliyokuwamo.

Baada ya hapo, panga data, linganisha matoleo na uyahusishe na malengo yako. Ripoti itaje mada, malengo, mbinu, matokeo, matatizo na hitimisho.

6. UAMINIFU WA MTAFITI

Wazee hawakukualika, wewe ndiwe umebisha hodi. Kwa hivyo:
• Jitambulishe na ueleze lengo lako kabla ya kuwasha kinasa sauti. Kurekodi kwa siri ni kosa.
• Msailiwa akikataa kujibu, heshimu. Nyimbo na siri nyingine za jando si za kila sikio.
• Usiahidi malipo usiyoweza kutoa.
• Usibuni msimulizi. Wako wanaonakili hadithi mtandaoni na kuandika kwamba walisimuliwa na babu. Huo ni udanganyifu, na atakayetegemea kazi hiyo kesho ataamini jambo ambalo jamii haikulisema.
• Tambua kwamba kazi ni ya jamii. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Kuirekodi kazi hakukufanyi kuwa mwenyewe.
• Rudisha matokeo. Wasomee wenyeji ulichoandika. Mara nyingi hapo ndipo makosa hugunduliwa.

7. MATATIZO NA SULUHISHO

Lugha: Mtafiti Mluo asiyejua Kikuria anaweza kupotosha maana. Atafute mkalimani mwenyeji.
Shaka ya wenyeji: Wanaweza kumdhania mpelelezi. Atangulize barua na aandamane na mtu anayejulikana.
Madai ya malipo: Aeleze mapema kwamba ni kazi ya masomo.
Gharama na usafiri: Apunguze eneo badala ya kuharakisha mahojiano.
Kuharibika kwa vifaa: Aandike muhtasari daftarini hata anaporekodi.
Vikwazo vya kidini na soni: Baadhi ya waumini huziona nyimbo za kimila kuwa za dhambi, na wengine huona haya kutamka maneno ya jando mbele ya kijana. Atafute wasailiwa wengine au mtafiti msaidizi wa rika na jinsia inayofaa.

8. KUJIBU SWALI LA MTIHANI

Swali la mfano: Unanuia kufanya utafiti kuhusu mbolezi katika jamii yako.
(a) Eleza sababu mbili za kutumia mbinu ya kushiriki. (alama 4)
(b) Fafanua matatizo matatu unayoweza kukumbana nayo. (alama 6)

Tazama jibu dhaifu la (b): "Ukosefu wa pesa, ukosefu wa muda na ukosefu wa vifaa." Hoja zimetajwa, lakini zingefaa utafiti wa jambo lolote, hata wa bei ya samaki. Hakuna mbolezi hapo, na swali lilisema fafanua.

Jibu lenye nguvu:
(a) (i) Mbolezi huimbwa matangani. Nikishiriki kuomboleza, wafiwa wataniona mwenzao, nao wataimba bila kujizuia.
(ii) Mbolezi huambatana na kilio, miondoko na maneno ya kumwita marehemu. Nikiwa miongoni mwa waombolezaji, nitaelewa hisia ambazo maandishi hayawezi kunasa.
(b) (i) Siwezi kupanga tarehe ya utafiti kwa kuwa kifo hakina ratiba. Huenda msiba ukatokea nikiwa shuleni.
(ii) Wafiwa wanaweza kukerwa na kamera wakati wa majonzi na kunikatalia kurekodi.
(iii) Kwa kushiriki, ninaweza kuzidiwa na huzuni au shughuli za mazishi nikasahau kunukuu mambo muhimu.

Umeona tofauti? Kila hoja ina neno linaloirudisha kwenye msiba. Ukimaliza kuandika hoja, ziba jina la utanzu kwa kidole na uisome tena. Ikiwa bado inafaa utanzu wowote, haijakamilika.

Zingatia pia kitenzi cha swali. Taja hutaka hoja tu. Eleza na fafanua hutaka hoja pamoja na maelezo au mfano. Alama zilizo kwenye mabano hukuonyesha uzito wa jibu.

9. ZOEZI

1. Umepewa jukumu la kukusanya hadithi ya Simbi Nyaima, au hadithi ya usuli kutoka kwenu.
(a) Taja vifaa vinne utakavyobeba. (alama 4)
(b) Eleza hatua tatu za maandalizi kabla ya kwenda nyanjani. (alama 6)
(c) Kwa nini hojaji haifai katika utafiti huu? Toa sababu mbili. (alama 4)
(d) Fafanua namna tatu utakazotumia kuhakikisha ulichoandika ndicho ulichosimuliwa. (alama 6)

2. Kazi ya nyumbani: Wakati wa likizo, mwombe mzee mmoja wa kwenu akusimulie hadithi moja. Omba ruhusa, irekodi, iandike kwa lugha yake, kisha uitafsiri. Mwombe mzee mwingine akusimulie hadithi hiyo hiyo, uorodheshe tofauti tatu. Siku utakapokutana na swali la utafiti katika Karatasi ya Tatu, utakuwa na mifano yako mwenyewe.