CHAKULA KISICHO NA HAMIRA



Hamira ni vijidudu hai vya jamii ya ukungu. Huumua unga na kuchachusha pombe. Watu wachache miili yao huikataa: wakiila huwashwa, huvimba au hubanwa kifua. Ikiwa mganga wa zahanati amekuambia uiache, fuata haya.

USILE WALA USINYWE:
1. Mkate, maandazi na vitumbua vilivyoumuliwa kwa hamira. Ukinunua sokoni, muulize mpishi kwanza.
2. Pombe ya ndizi, ya mtama au ya mahindi, pamoja na bia na togwa.
3. Siki, na achari iliyotiwa siki.

UNAWEZA KULA:
1. Ugali, wali, maharagwe, mafuta na chumvi ya posho.
2. Chapati isiyotiwa hamira.
3. Uji usiochachushwa, viazi, mihogo, mboga za majani, mayai na samaki.

TAHADHARI: Utando mweupe mdomoni mwa mtoto au mgonjwa hauletwi na mkate. Huo ni ugonjwa wa fangasi wa aina nyingine, nao una dawa. Usimnyime chakula, atadhoofika. Mpeleke zahanati. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Usiuze posho wala kuacha chakula kwa maneno ya jirani tu. Uliza kwanza. Mtu akivimba midomo au akishindwa kupumua baada ya kula, mkimbize zahanati mara moja, usiku au mchana.