Ua la Maji na Ua la Shaba

Katika sanamu nyingi za Mtakatifu Yosefu huonekana mkononi mwake tawi la maua meupe. Ndiyo mayungiyungi. Wachoraji wa Ulaya walimshikisha pia Malaika Gabrieli ua hilo, liwe alama ya usafi wa moyo. Lakini mtoto wa Bukama akiulizwa yungiyungi li wapi, atanyosha kidole kuelekea mabwawa ya Lualaba. Wala hakosi sana. Yungiyungi la maji si jamaa ya lile la Ulaya, ila mizizi yake imo matopeni, nalo hufunguka safi juu ya maji. Na chini ya majani yake mapana samaki wadogo hujificha. Mvuvi huyajua hayo kabla ya mchoraji.

Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Mmoja wao, Pilipili Mulongoy, alijaza karatasi kwa ndege, samaki na mimea. Kwake maua si pambo la pembeni, ni makao ya viumbe.

Liko ua jingine, dogo, la zambarau, la jamaa moja na kivumbasi. Humea katika vilima vya shaba vya Katanga. Wataalamu huliita Haumaniastrum katangense, na wengi huliita ua la shaba. Penye shaba nyingi udongoni mimea mingi hufa, hili huvumilia. Hivyo watafuta madini walilifuata. Ajabu zaidi, lilionekana hata penye tanuru za wayeyushaji wa kale, ambao takataka zao zilitia shaba ardhini. Shaba ya vilima vile ilifika hadi Sanga, karibu na ziwa Kisale, ambako wachimbuzi wa mwaka 1957 na 1958 waliona makaburi yenye misalaba midogo ya shaba. Asidhani mtu kwamba ni misalaba ya Kikristo: iliwatangulia wamisionari kwa karne nyingi.

Sasa mashine hukata vilima vyenyewe. Ua la shaba hustahimili, maana humea hata kwenye udongo uliofukuliwa. Jirani zake wengine humea juu ya vilima vichache tu duniani, na kilima kikiondolewa hawana pengine pa kumea. Wataalamu wa Lubumbashi na wa Ubelgiji wamekusanya mbegu zao, wakajaribu kuzipanda upya katika udongo wenye shaba.