Mtoto Mwenye XP: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mionzi ya jua huharibu DNA ya ngozi ya kila mtu, kila siku. Kwa wengi wetu, protini maalumu hugundua kasoro hiyo, hukata kipande kibovu na kuziba pengo upya. Mtoto aliyezaliwa na xeroderma pigmentosum, kwa kifupi XP, ana upungufu katika kazi hiyo, kama mtafiti James Cleaver alivyoonyesha huko Marekani mwaka 1968. Kasoro hulimbikizana hadi saratani. Ulaya na Marekani ugonjwa huu humpata takriban mtu 1 kati ya milioni 1. Kisiwani Mayotte, kwenye visiwa vya Komoro, umekadiriwa kumpata 1 kati ya 5000. Mzazi, mwili wa mwanao hauwezi kurekebisha uharibifu huo ipasavyo. Kazi yako ni kuuzuia.

FANYA

1. Mpeleke kwa daktari wa ngozi ukiona madoadoa mengi usoni kabla hajatimiza miaka 2, au akiungua vibaya kwa jua la dakika chache. Si wote wanaoungua. Wengine huanza na madoadoa tu, na hao ndio huchelewa kufikishwa hospitali.

2. Mfunike kila atokapo mchana: mikono mirefu, suruali, glovu, kofia pana, kinga ya uso na miwani inayozuia mionzi. Palipobaki wazi paka losheni ya kukinga jua, na urudie kila baada ya saa 2.

3. Mkague mwili mzima kila mwezi, pamoja na kichwa, kope, midomo na ncha ya ulimi. Kidonda kisichopona au uvimbe unaokua usisubiri kliniki ijayo. Nusu ya wanaopata saratani ya ngozi huipata kabla ya umri wa miaka 10.

4. Mpe vitamini D kwa maelekezo ya daktari, kwa kuwa ngozi isiyoona jua haiitengenezi vya kutosha.

5. Mpimishe masikio na mishipa ya fahamu. Karibu robo ya wagonjwa hudhoofika usikivu, mwendo au akili.

6. Waeleze walimu. Akae mbali na dirisha, asisimamishwe paredi juani, na michezo yake iwe ndani au baada ya magharibi.

USIFANYE

1. Usidhani ni ualbino. Albino amepungukiwa na melanini. Mwenye XP amepungukiwa na ukarabati wa DNA, na anaweza kuwa mweusi tii. Kinga inayomtosha albino haimtoshi yeye.

2. Usitegemee kioo cha gari, mawingu wala kivuli cha mwembe. Sehemu ya mionzi hupenya kioo na mawingu, na nyingine huakisiwa na mchanga na maji. Bandika madirishani filamu ya kuzuia mionzi.

3. Usiruhusu sigara nyumbani. Moshi wa tumbaku huharibu DNA kwa namna inayohitaji ukarabati uleule aliokosa.

4. Usikubali aanzishiwe dawa za saratani kabla daktari hajajua kuwa ana XP. Dawa kama sisiplatini huua seli kwa kuharibu DNA, hivyo kwake zinaweza kuwa hatari zaidi.

5. Usimlaumu mama. Jeni yenye kasoro imetoka kwa baba na mama, wote wakiwa wazima. Kila mimba yao ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mwenye XP, na ndoa za ndugu wa karibu huongeza uwezekano wa wazazi wote wawili kuwa na jeni hiyo. Tafuteni ushauri wa kitaalamu kabla ya mimba nyingine.

6. Usimpe pesa anayekuahidi dawa ya kuiondoa XP. Dawa hiyo haipo.

Kilichopo ni kinga, nayo hupunguza saratani na kurefusha maisha. Ianze siku ugonjwa unaposhukiwa. Ukingoja kidonda cha kwanza, umechelewa.