Somo: Injini Inayogonga Inapowashwa



Hapa Majengo, Songea, asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi. Lori la chama likilala, oili hushuka chini ya injini. Likiwashwa, vyuma hugongana kabla oili haijapanda.

Mlio ukikoma baada ya sekunde chache, pimeni oili lori likiwa mahali tambarare. Ongezeni iliyopungua, iliyochakaa ibadilishwe pamoja na chujio lake. Dereva asikanyage mafuta mara awashapo.

Mlio ukiendelea hata injini ipatapo moto, au taa ya oili isipozimika, izimeni mara moja, fundi akague beringi za kranki. Mkilazimisha safari, injini itakufa na mazao ya wanachama yatabaki ghalani.

Katibu aandike kila badiliko la oili katika daftari la gari.