Ufupisho: Tarakimu Ipi Ibaki?

Mtahiniwa, soma habari hii, kisha uifupishe kwa maneno yasiyozidi 25.

Msimu wa 2019, timu ya futiboli ya Kimarekani (ule mchezo wa kukimbia na mpira mikononi) ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana ilicheza mechi 15, ikashinda zote. Ilipata pointi 726. Iliichapa Vanderbilt 66–38, lakini Auburn iliibana hadi 23–20. Januari 13, 2020 iliishinda Clemson 42–25, ikatwaa ubingwa wa taifa.

Wengi hukimbilia 726 kwa sababu ni kubwa. Iache. Hoja kuu ni kushinda kila mechi hadi ubingwa, na 15 ndiyo inayoibeba. Matokeo ya Vanderbilt ni mfano tu. Auburn je? Hapo uangalie neno “lakini”: limeleta hoja mpya, kwamba kuna ushindi uliopatikana kwa shida. Hoja ibaki, matokeo yaondoke.

Jibu: Timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana ilishinda mechi zote 15 za msimu wa 2019, mojawapo kwa taabu, ikatwaa ubingwa wa taifa. (Maneno 23)