Somo: Bima ya Mwana Haimtibu Mzazi

Wako miongoni mwa wasomaji wetu wa Mombasa na Malindi watu wengi ambao wazee wao wamo Kitui, Mwingi au Makueni, nao kila mwisho wa mwezi huona wamekatwa katika mshahara fedha za bima ya afya ya Serikali. Wengi wao hudhani ya kuwa fedha zile zawafaa pia mama na baba walioko nyumbani. Dhana hiyo si sahihi, na ubaya wake ni kuwa kosa lake halionekani mpaka siku mgonjwa amekwisha fikishwa mlango wa hospitali. Kwa hiyo tumeona yafaa somo la safari hii liwe katika jambo hilo.

Kwanza tujue asili yake. Bima hii ilianza mwaka 1966, ilipoundwa Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, ambayo watu waliijua kwa herufi zake, NHIF. Iliwekwa kwa ajili ya watu wa mishahara. Mkulima wa Mutomo au mvuvi wa Vanga hakuwa na nafasi humo mpaka baadaye, alipofunguliwa mlango wa kujiunga kwa hiari. Na katika miaka ya mwisho alitakiwa atoe Sh. 500 kila mwezi. Mwaka 2004 Bi Charity Ngilu, aliyekuwa Waziri wa Afya na Mbunge wa Kitui ya Kati, alipeleka Bungeni mswada wa kuwaingiza raia wote. Bunge likaupitisha, lakini Rais Kibaki hakuutia saini. Ikapita karibu miaka ishirini ndipo ikapatikana Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, ambayo kwayo NHIF iliondolewa, na mahali pake ikawekwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024.

Mamlaka hiyo ina mifuko mitatu, na hapa ndipo watu hutatizika. Mfuko wa kwanza ni wa matibabu ya mwanzo katika zahanati na vituo vya afya. Huu hujazwa na Serikali kwa kodi, na aliyejiandikisha hutibiwa bila ya kutoa mchango. Mfuko wa pili ndio bima yenyewe, ambayo hulipia hospitali kubwa: kulazwa, kupasuliwa, kusafishwa damu kwa mwenye maradhi ya figo, na mfano wa hayo. Huo hauna haki kwa asiyechangia. Wa tatu ni wa dharura na maradhi mazito, kwa mgonjwa ambaye kiwango chake cha bima kimekwisha.

Basi tofautisha baina ya kuandikishwa na kuchangia. Mzee aliyeandikishwa huweza kwenda zahanati ya karibu akapimwa shinikizo la damu na akarudi salama, akadhani mambo yake yametimia. Akivunjika nyonga akapelekwa hospitali ya rufaa, huko ataulizwa mchango.

Huenda msomaji akauliza: “Je, mchango wangu si wa jamaa yangu?” Jawabu ni kuwa ndiyo, lakini jamaa katika sheria hii ni mlipaji, mwenziwe wa ndoa na watoto wao. Sisi tukisema jamaa twaanza na mama. Sheria haikuanza hapo. Mzazi huhesabiwa nyumba yake mbali, na mchango wake mbali.

Mchango ni kiasi gani? Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, yaani anayepata Sh. 20,000 hutoa Sh. 550 kwa mwezi. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba yake na maisha yake, kisha hupangiwa kiasi, nacho hakipungui Sh. 300 kwa mwezi. Lakini yeye hatakiwi kulipa kwa mwezi. Hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mara moja, Sh. 3,600 kwa uchache. Na tazama: mzee wa miaka 70 apataye posho ya Inua Jamii hupewa Sh. 2,000 kwa mwezi. Atoe karibu posho ya miezi miwili, ale nini? Kufika umri huo peke yake hakumsamehe mtu mchango. Sheria yasema Serikali iwalipie wasiojiweza, lakini hao ni wale waliochunguzwa wakatambuliwa.

Kuna mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole, wa kumkopesha mtu mchango wa mwaka alipe kidogo kidogo. Mkopo ni mkopo. Masharti yake yasomwe kwanza.

Makueni walikuwa na njia nyingine, nasi twaiona ilikuwa na busara zaidi katika jambo la umri. Mwaka 2016, katika siku za Gavana Kivutha Kibwana, kaunti ilianzisha mpango wake ambao nyumba ilitoa Sh. 500 kwa mwaka, na aliyepita miaka 65 hakutoa kitu. Bi Ngilu alipokuwa Gavana wa Kitui akafanya mfano wake kwa Sh. 1,000 kwa nyumba. Upungufu wa mipango hiyo ulikuwa mpaka wa kaunti: mgonjwa akihamishiwa Nairobi, kadi yake ilibaki nyuma.

Ama hukumu ya bima katika dini, wanazuoni wana maneno marefu humo, nayo yataka somo lake peke yake.

Mwenye mzazi bara na amwulize leo, si siku ya ugonjwa: ameandikishwa? Kama bado, hujiandikisha kwa kitambulisho na kwa simu, *147#. Amepangiwa kiasi gani? Si lazima mzee mwenyewe alipe. Mwana aweza kulipa kwa namba ya kitambulisho cha mzazi. Na siku ya kwenda hospitali asiende peke yake, kwani vidole vilivyoshika jembe miaka hamsini mara nyingine havisomeki katika mashine, na hapo hutakiwa mtu wa kumsemea.